Tathmini ya FamilySearch: huduma iliyotusaidia kumtambua babu aliyeanzisha makazi ya Masasi

FamilySearch ni huduma ya nasaba inayopatikana kwenye intaneti na kwenye simu, na tofauti na Ancestry au MyHeritage, ambazo humtoza ada mtu anayetaka kuzitumia kikamilifu, hii haimtozi mtumiaji kitu chochote. Nimeitumia hapa Dar es Salaam kumtafuta mtu mmoja, yaani babu wa babu yangu, ambaye wazee wetu walimtaja siku zote kuwa ni "mtu wa kwanza wa Masasi" bila kueleza alifikaje huko wala alitokea wapi. Sasa tunaamini, kwa ushahidi nitakaoueleza, kwamba alikuwa mmoja wa watumwa waliokombolewa ambao mwaka 1876 waliondoka Unguja pamoja na Askofu Edward Steere, wakashuka Lindi, wakapanda bara kwa miguu na kuanzisha makazi ambayo leo ni mji wa Masasi. Ninawaandikia wenzangu wa jiji hili, hasa sisi wa Mbagala na Temeke ambao asili yetu ni kusini, kwa sababu huduma hii ina nguvu kubwa mahali ambapo wengi hawafiki, na ni dhaifu mahali ambapo karibu kila mtu huanzia.

Udhaifu uko kwenye utafutaji. Mtumiaji mpya hufungua akaunti, huandika jina la babu yake kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha hutarajia kuletewa hati. Kwa Mwingereza au Mmarekani matarajio hayo mara nyingi hutimia, kwa maana shirika lililoizaa huduma hii lilianzishwa Utah mwaka 1894, likaanza kupiga picha za hati kwenye mikrofilamu mwaka 1938, na mwaka 2021 likakamilisha kazi ya kuzigeuza mikrofilamu zake zipatazo milioni 2.4 kuwa picha za kidijitali. Humo mna vitabu vya parokia za Ulaya, sensa za Marekani, wosia na orodha za abiria wa meli. Afrika ya Mashariki imo kwa uchache sana, na chanzo chake ni historia ya kumbukumbu zetu zaidi kuliko programu yenyewe. Wazee wengi wa enzi za Mjerumani na Mwingereza hawakuandikishiwa vizazi wala vifo vyao serikalini. Vitabu vya ubatizo na ndoa vingi bado vimo kwenye makabati ya parokia na dayosisi. Nyaraka za UMCA (Universities' Mission to Central Africa), misheni ya Kianglikana ya Askofu Steere ambayo ndiyo iliyowapeleka wazee wetu Masasi, zimehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian huko Oxford. Na kumbukumbu za Zanzibar ziko kwenye jengo la Nyaraka, Kilimani, Unguja.

Masasi ina pengo lake la ziada, ambalo mtafutaji anapaswa kulifahamu kabla hajavunjika moyo. Mwaka 1882 makazi hayo yalivamiwa na Wangoni waliojulikana huko kwa jina la Magwangwara, watu wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka, na sehemu ya jumuiya ikahamia Newala. Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, misheni ya Masasi iliteketezwa. Kwa hiyo mtu anapoandika jina la mzee wa Masasi aliyezaliwa katikati ya karne ya 19 na kujibiwa kwamba hakuna kilichopatikana, asidhani kwamba mzee huyo hakuwahi kuandikwa popote. Huenda aliandikwa, na karatasi ikaungua.

Nguvu ya huduma hii iko kwenye mti wa ukoo na kwenye hifadhi ya kumbukumbu inayoambatana nao. Mtumiaji huanza kwa kujiandika mwenyewe, kisha wazazi, kisha babu na bibi wa pande zote mbili. Watu walio hai huonekana kwake yeye aliyewaandika na si kwa umma, ila kila marehemu hupewa kitambulisho chake cha herufi na tarakimu, na kuanzia hapo huwa sehemu ya mti mmoja ambao dunia nzima huuchangia. Fomu ya kila marehemu huuliza jina, jinsia, tarehe na mahali pa kuzaliwa, tarehe na mahali pa kufariki, na mbele ya kila jibu kuna nafasi ya kueleza umelijuaje. Maswali hayo ni ya kawaida kabisa, na nilipoyaona mara ya kwanza sikuyapa uzito. Hata hivyo ni moja kati yake lililotufungulia mlango.

Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, anaishi Mbagala na amevuka miaka themanini. Alilelewa Masasi na babu yake, ambaye alikuwa mtoto wa mzee tunayemtafuta, na kwa hiyo simulizi aliyo nayo imepita kinywani mwa mtu mmoja tu kabla ya kumfikia. Ilikuwa ikijulikana katika ukoo kwamba mzee huyo alitoka Mbweni, na kwa kuwa sisi ni watu wa Dar es Salaam, kila mmoja alielewa kuwa ni Mbweni hii ya Kinondoni, pwani ya kaskazini mwa jiji. Simulizi zilijengwa juu ya dhana hiyo. Wapo waliosema alikuwa mvuvi wa Kizaramo aliyeajiriwa kubeba mizigo ya wamisionari, na kuna vijana wa ukoo waliokulia katika kuamini hivyo. FamilySearch haipendi mahali paachwe bila ufafanuzi. Ukiandika jina la mahali, inakutaka uchague kutoka kwenye orodha ya mahali panapotambulika, pamoja na wilaya, mkoa na nchi, na usipochagua inaweka alama ya kukukumbusha kwamba jibu halijakamilika. Nilimsogezea shangazi simu na kumuuliza ni Mbweni ipi.

"Mwanangu, ile ya ng'ambo," alisema. "Babu alikuwa akisema baba yake alivuka maji kuja huku. Mbweni ya hapa utavuka maji gani?"

Jibu hilo lilibadilisha kila kitu. Mbweni ya Unguja, kusini mwa mji wa Zanzibar, ni shamba ambalo misheni ya UMCA ililinunua mwaka 1871 ili kuwapa makazi watumwa waliokombolewa, na baada ya Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa Juni 1873 wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kufunga soko la watumwa, idadi ya watu waliokabidhiwa kwa misheni iliongezeka, wengi wao wakiwa wametolewa kwenye majahazi yaliyokamatwa na manowari za Waingereza. Wengi wa watu hao walikuwa wamekamatwa bara, upande wa Ziwa Nyasa na Ruvuma: Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo. Steere, aliyekuwa askofu tangu mwaka 1874, alitaka baadhi yao warudishwe karibu na walikotoka, na msafara wa mwaka 1876 ulikuwa na waliokombolewa wapatao 55, wanaume na wanawake.

Nilimuuliza shangazi kuhusu safari yenyewe bila kumtajia lolote kati ya hayo, kwa sababu mzee akishasikia jibu kutoka kwako anaweza kukurudishia kwa heshima tu. Alisema kwamba mzee wetu alitembea na Askofu mwenyewe kutoka Lindi, kwamba nia ilikuwa kufika mbali zaidi, kuelekea kwenye ziwa, na kwamba walipofika kwenye mawe makubwa yenye maji na udongo mzuri, watu wenyewe walisema hapa panatosha. Kila kipande cha maelezo hayo kinakubaliana na historia ya msafara wa 1876: Steere aliuongoza mwenyewe, Nyasa ndiko kulikokuwa kunalengwa, na waliokombolewa waliridhika kubaki chini ya vilima vya miamba vya Masasi. Mmisionari William Percival Johnson aliachwa awe nao, na mwenzake Chauncy Maples akafuata mwaka uliofuata. Kisha tulipata ushahidi wa maandishi: kwenye kitabu cha ndoa cha parokia, cha miaka ya baada ya Maji Maji, babu yake shangazi ameandikwa kuwa ni mtoto wa mzee huyo, na mbele ya jina la baba pameandikwa Mbweni, Zanzibar. Paroko alituruhusu kuupiga picha ukurasa ule, nami namshukuru sana.

Ningependa msomaji alielewe vizuri jambo hili, kwa sababu ndilo kiini cha tathmini yangu. FamilySearch haikutuletea hati yoyote kuhusu mzee wetu. Ilichofanya ni kutulazimisha tuulize kwa usahihi, wakati ambapo mtu wa kujibu bado yuko hai. Familia nyingi za Dar es Salaam zina simulizi ambazo zimebaki nusu kwa sababu kila anayezisikia hujazia pengo kwa anachokijua yeye, na mhamiaji wa mjini hujazia kwa majina ya mitaa ya mjini.

Hifadhi ya kumbukumbu nayo inastahili sifa kubwa kuliko inayopewa. Kwenye ukurasa wa marehemu unaweza kuweka picha, hati, masimulizi ya maandishi na sauti. Tulimrekodi shangazi kwa simu, vipande vifupi vifupi, kila kipande kikiwa na jambo moja: safari ya Lindi, uvamizi wa mwaka 1882 kama alivyousikia, majina ya watoto wa mzee, kaburi lilipo. Baada ya kupakiwa, kila kipande huambatanishwa na mtu anayetajwa ndani yake, na kama anatajwa zaidi ya mmoja, kinaonekana kwenye kurasa zao wote. Mpwa wangu aliyeko Mwanza alimsikiliza bibi yake akitaja jina la mzee wetu kwa lafudhi ya Masasi, jioni ileile tulipopakia. Huduma yenyewe inatambua thamani ya kazi ya namna hii, kwani kwa miaka mingi imekuwa ikituma watu kuwahoji wazee na kuandika nasaba zao za mdomo katika nchi kama Ghana na Nigeria. Ushauri wangu ni kwamba vipande viwe vifupi, kwa kuwa rekodi ndefu huwa nzito kupakia na hakuna mjukuu anayeisikiliza hadi mwisho.

Kuhusu majina, fomu imetengenezwa kwa kufikiria watu wenye jina la kwanza na jina la ukoo, jambo ambalo haliendani na wazee wetu. Mzee wetu alikuwa na jina la nyumbani, jina alilopewa na waliomteka au waliomnunua, na jina la ubatizo alilolipata kwa misheni. Kuna sehemu ya taarifa za ziada ambapo majina mengine huongezwa, kila moja na aina yake, na tumeyaweka yote. Jina la kuzaliwa tumelitanguliza kwa uamuzi wa shangazi. Upande wa uhusiano, huduma inatofautisha mzazi wa kuzaa, wa kuasili, wa kambo na mlezi, na inakubali mtu awe na wenzi zaidi ya mmoja, kwa hiyo nyumba zetu zinaingia bila kukatwakatwa. Baba mdogo na mama mkubwa hawana nafasi yao, ila wanaonekana kama ndugu wa mzazi na hilo linatosha.

Tarehe zisizojulikana zinaweza kuandikwa kwa makadirio. Mahali pana ugumu wake, kwa kuwa Masasi ya mwaka 1876 haikuwa chini ya Mjerumani, ambaye alianza kudai sehemu hizi baada ya mwaka 1884, wala haikuwa Tanganyika. Ni vyema kuchagua jina la mahali linalolingana na kipindi, na pale orodha isipokuwa na jina linalofaa, kueleza kwa maandishi. Tumeeleza.

Lipo jambo linalohitaji uangalifu wa kweli, nalo ni kwamba mti huu ni wa wote. Mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kubadilisha taarifa za marehemu wako, kumuunganisha na mtu mwingine anayefanana naye jina, au kumwongezea watoto. Mabadiliko yote huorodheshwa pamoja na jina la aliyeyafanya, na ya awali yanaweza kurejeshwa. Unaweza pia kumfuatilia marehemu ili uarifiwe kila anapoguswa, na kumwandikia ujumbe aliyemgusa. Ulinzi ulio bora kuliko yote ni kuandika sababu. Kwenye nafasi ya maelezo, chini ya "Mbweni, Zanzibar", tumeandika kirefu kwa nini si Mbweni ya Dar es Salaam, tukataja kitabu cha ndoa na rekodi ya shangazi, ili ndugu atakayekuja na simulizi ya mvuvi akutane kwanza na hoja.

Nalazimika pia kueleza nani anaiendesha, kwa sababu watu wa hapa wana haki ya kujua kabla hawajaandika majina ya wazee wao. FamilySearch ni ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lenye makao makuu Salt Lake City. Waumini wake hukusanya nasaba kwa msukumo wa imani: wanaamini kwamba mtu aliye hai anaweza kubatizwa hekaluni kwa niaba ya marehemu wake, na kwamba marehemu ana hiari ya kukubali au kukataa. Taratibu za kanisa hilo zinawataka waumini wafanye hivyo kwa jamaa zao wenyewe, na kwa mtu aliyezaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita zinahitaji ruhusa ya ndugu wa karibu. Asiye muumini haoni sehemu hiyo ya huduma wala haombwi kubadili dini yake. Katika ukoo wetu wamo Waanglikana, Wakatoliki na Waislamu, na tulilizungumza jambo hili kwa uwazi. Binamu yangu mmoja, Mwislamu mwenye msimamo, aliomba upande wa mama yake usiandikwe, na haujaandikwa. Naona alikuwa na haki, na naona pia kwamba kanisa hilo limefanya wema mkubwa kuuacha mlango wazi kwa watu wote bila malipo. Yote mawili ni kweli kwangu.

Mazungumzo yaliyokuwa magumu zaidi yalihusu utumwa. Kuandika kwamba mzee alikombolewa ni kuandika kwamba alikuwa mtumwa, na kuiandika habari hiyo mahali ambapo mtu wa nchi yoyote anaweza kuisoma. Wapo koo za kusini na za pwani ambazo mpaka leo habari hii hutumiwa kumshusha mtu katika mambo ya ndoa na mirathi, na wazee waliificha ili kuwalinda watoto wao. Shangazi alisema kwamba babu yake alikuwa akiisimulia usiku tu, wageni wakishaondoka. Tulimsubiri aamue. Ilichukua muda, na hatukumsukuma. Siku alipoamua alisema hivi: "Waliomuuza ndio wenye aibu. Yeye alifika na kujenga. Muandikeni alivyokuwa." Neno "mwasisi" lililomo kwenye ukurasa wake tumeliweka kwa agizo lake, pamoja na mwaka 1876 na jina la Masasi. Namsihi kila anayetaka kuitumia huduma hii asiandike habari ya namna hii kabla wazee wake hawajaridhia, hata kama marehemu hana tena wa kumlalamikia.

Kwa upande wa gharama, programu ya simu ni nyepesi na kuandika majina hakuli bando kubwa. Picha za vitabu vya zamani ndizo nzito, na baadhi hazifunguki nyumbani kabisa kwa sababu wenye hati wameruhusu zionekane kwenye vituo vya FamilySearch na maktaba shirikishi pekee. Hali hii huelezwa kwenye katalogi, hivyo isomwe kabla ya kutumia fedha. Nimeitumia kwa Kiingereza, na shangazi hakuhitaji kukigusa, kwa kuwa tuliokaa naye tulimuuliza kwa Kiswahili na kuandika masimulizi kwa Kiswahili, ambayo hupokelewa bila tatizo.

Jambo la mwisho ni nakala. FamilySearch haina kitufe cha kushusha mti wako wote kwa mkupuo katika faili moja. Anayetaka faili hiyo hutumia programu nyingine zinazoshirikiana nayo, kama RootsMagic. Kinachoweza kuchapishwa moja kwa moja ni chati za ukoo, na yetu tumeichapisha kwenye karatasi kubwa katika duka la steshenari, tukampelekea shangazi. Rekodi za sauti tumezihifadhi pia kwenye flashi tatu, moja Mbagala, moja Mwanza na moja kwa paroko wa Masasi, na picha ya ukurasa wa kitabu cha ndoa imo kwenye zote. Kazi iliyobaki ni kuwafikia jamaa wa Newala, wajukuu wa wale waliohamia huko baada ya mwaka 1882, kwa kuwa shangazi anasema binti mmoja wa mzee aliolewa huko na uzao wake ndio wanaojua jina la kijiji alichokamatwa baba yao karibu na Nyasa. Wakipatikana, simu itakuwa na chaji na tutaanza kwa kuwauliza mahali.